Meli Kubwa Haikusimama

Mama alikuwa na ombi moja tu mwaka ule: amwone mdogo wake kabla macho hayajafungika. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na utando mweupe, na la kulia lilikuwa linafuata. Alizaliwa kijiji cha kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba, akaletwa Kolwezi akiwa bibi harusi wa kijana aliyepata kazi mgodini. Akakaa mtaa wa Kapata, nyumba ileile ya kampuni, akazaa hapo, akamzika baba yetu hapo. Kwao alirudi mara mbili tu, na mara ya mwisho mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Mimi, binti yake, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye niliyebaki naye nyumbani. Kaka yangu mkubwa, tunayemwita yaya, alihamia Kalemie zamani, anafanya kazi bandarini. Kijijini kwa mama simu haishiki, kwa hiyo habari zote za mama mdogo zilitufikia kupitia kinywa cha yaya. Mama mdogo hajambo, anasalimia, mihogo imekubali. Hatukuwahi kumtilia shaka.

Likizo ndefu ilipokaribia nilimpigia kumwambia tunakuja. Akasema safari ni ndefu, mama amezeeka, afadhali tungoje mwaka kesho. Mama akaninyang'anya simu.

"Mwaka kesho mi sitaona kitu," alimwambia. "Nakuja."

Ndipo yaya alipoanza habari za meli. Zilikuwa mbili zinazoenda upande wa kusini. Moja ilikuwa ndogo na ya zamani, ya chuma kilichopakwa rangi juu ya rangi, ikibeba unga, mbuzi na watu waliokaa juu ya mikeka. Hiyo ilisimama kila kijiji, mitumbwi ikaja kuwapokea wasafiri. Nyingine ilikuwa mpya, kubwa, nyeupe, yenye ghorofa tatu. Yaya alinitumia picha zake: chumba chenye vitanda viwili na mashuka yaliyonyooshwa, ukumbi wa televisheni, choo chenye maji ya bomba. Mama hakuweza kuziona vizuri, nikamsimulia moja moja. Akasema ile ya zamani inamtosha, kwa sababu inasimama kwao.

Yaya akamjibu kwamba ile ya zamani imechoka, mashine yake inakohoa, siku yoyote itasimama katikati ya maji. Na ile mpya pia itasimama kwa ajili yake. Amezungumza na kapiteni yeye mwenyewe, mtumbwi utakuja kumchukua.

Mama hakuridhika, na mimi ndiye niliyemsukuma. Lazima niliseme hili. Niliwaza basi mpaka Lubumbashi, kisha siku nyingi za treni, na baada ya hayo yote kulala juu ya magunia na mbuzi. Nilitaka mara moja maishani mwangu nisafiri kama watu wa kwenye picha. Nikamwambia mama kwamba yaya ndiye anayekaa bandarini, ndiye anayejua.

"Kama munasema," alijibu mama, akaendelea kuchambua mboga.

Yaya alitupokea Kalemie kwa furaha, akambebea mama begi lake, akapanda meli pamoja nasi. Bandarini meli zile mbili zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu. Ile ya zamani ilikuwa chini sana, mtu anaingia kwa hatua moja, na wanawake waliokwisha kukaa ndani walikuwa wanaitana na kupeana nafasi. Kwenye mpya palikuwa na ngazi ndefu, mabaharia wawili wakamwinua mama mpaka juu. Tulikula wali na kuku kwenye sahani nzuri. Yaya alimmenyea mama chungwa, akamwekea kipande kimoja kimoja mkononi. Asubuhi ile tulikuwa na furaha, sisi watatu, na siwezi kusema vingine.

Mchana mama alitaka kukaa nje. Aliwaomba abiria waliokuwa karibu wamwambie wanachokiona pwani. Mzee mmoja akamwambia anaona kanisa la paa jekundu juu ya kilima, na chini yake nyumba na mitumbwi. Mama akasema ndiko kwao, akasimama, akakaza kitenge, akavaa begi begani. Akangoja. Mashine haikupunguza mwendo.

Nilikwenda kumtafuta yaya, sikumkuta chumbani. Nikamuuliza baharia mmoja ni saa ngapi mtumbwi utakuja.

"Mama, hii meli haisimamake pale," alisema. "Hata siku moja. Ni Moba tu."

Nikamwambia kapiteni ameahidi. Alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Niliporudi nje kile kilima kilikuwa kimekwisha kuwa nyuma yetu. Mama aliuliza kama tumefika. Nikamwambia bado, nikamketisha. Baadaye yaya alitokea, akasema kapiteni amebadilisha mawazo kwa sababu ya mawimbi. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nililiona hilo, na nilinyamaza.

Tulishuka Moba jua likiwa bado juu. Yaya alisema tutalala kwa rafiki yake na kurudi na meli ileile. Mama amechoka, yeye mwenyewe atamleta mama mdogo Kalemie waonane huko. Akaenda kununua maji, sisi tukakaa kando ya soko la bandarini. Mbele yetu alikaa mama mmoja anayeuza ndagaa. Alimtazama mama muda mrefu, akamuuliza ni wa kijiji gani, ni mtoto wa nani, ni wa ngapi kuzaliwa. Mama akajibu yote. Yule mwanamke akaweka kikapu chake chini.

"Mama," alisema polepole, "siye tulikaa matanga yako."

Nilidhani amemfananisha. Lakini alitueleza bila kusita. Anatoka kijiji kilekile. Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, mtoto wa kwanza wa mama alikuja na picha yake, akasema amekufa hospitalini Kolwezi na amezikwa hukohuko. Kijiji kizima kilikaa chini. Mama mdogo alinyoa nywele. Matanga yalipokwisha, yule mtoto akasema mama kabla ya kufa alimwachia sehemu yake ya shamba la pwani, lile ambalo babu aliwagawia mabinti zake wawili. Sasa amejenga pale kuta za vyumba vya wageni.

"Na alilia sana," alimalizia. "Ilibidi watu bamushike."

Yaya alikuwa amerudi, amesimama nyuma yetu na chupa za maji. Mama alizisikia hatua zake, akageuka.

"Ni kweli ulilia?"

"Mama, nilijua hautarudi tena huku. Shamba ilikuwa inakaa bure."

"Mi nakuuliza kilio."

Yaya akainamisha kichwa. "Nililia," alisema.

Mama alinyoosha mkono akanitafuta mimi, akanishika mkono wa nguo.

"Na weye, ulijua?"

Nikamwambia sikujua. Nikaapa. Akasema, amenishika vilevile, "Meli kubwa ni weye ulisema tupande."

Tulingoja siku mbili kwa ndugu za yule mama wa ndagaa, mpaka meli ndogo ilipofika. Yaya alikuja bandarini na begi lake, akitaka kwenda nasi. Mama alimwashiria kwa mkono abaki, akabaki. Tulikaa juu ya magunia ya unga. Mbuzi mmoja alilala miguuni mwa mama, na abiria walimpa nafasi ya kunyoosha mgongo. Mashine ilinguruma njia nzima bila kuzimika. Kila kijiji tulisimama, na kila mara mama aliuliza jina la kijiji na kulirudia.

Kwao, mtumbwi ulimpokea, wanaume wawili wakamteremsha. Pwani watu walirudi nyuma, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Mama wa ndagaa, aliyesafiri nasi, alitangulia akawaambia ni mzima, ni yeye, alizushiwa kifo. Mama mdogo aliletwa kutoka shambani na jembe lake. Tangu matanga hakuwa ameacha nywele zake zikue. Alimshika mama sikio la kushoto, lenye kovu la hereni iliyochanika walipokuwa wadogo, akalipapasa mara mbili. Kisha akaketi mchangani na kulia kwa hasira, akimuuliza dada yake ni nani atamrudishia machozi yale ya kwanza.

Chifu wa kijiji aliita kikao, shamba likarudishwa kwa mama. Walipomuuliza kama kuta zibomolewe, alisema ziachwe. Mama mdogo amekwisha kupanda mihogo katikati yake. Mama alikataa kurudi nami. Shule ilikuwa inafunguliwa, nikarudi Kapata peke yangu.

Jumapili baada ya misa mama hupandishwa kilimani, mahali ambapo siku hizi simu inashika, akanipigia. Huniuliza habari za paa, za majirani, za wanafunzi wangu. Jicho la kulia nalo limekwisha kufunga, lakini kabla halijafunga alimwona mdogo wake.

Yaya alikuja Kolwezi mara moja tangu siku zile. Nilimpa kiti na maji ya kunywa. Alipotaka kuondoka aliniuliza kama mama huwa anamtaja. Nikamwambia hamtaji. Ilikuwa kweli. Nilifurahi kumwambia, na furaha ile ndiyo inayonisumbua mpaka sasa.