Gari la Mzee wa Watiri

Endarasha nzima ilijua kwamba Watiri ana waume wawili na wote wanaitwa Kingori. Wa kwanza alizikwa upande wa chini wa boma miaka kumi na moja iliyopita. Wa pili alikuwa mjukuu wake. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na tangu siku hiyo nyanya humtania kwa kumwita mzee wangu. Humuuliza mbona hajaleta sukari. Humwambia mbona siku hizi hamwangalii kama zamani. Watu hucheka, mtoto hucheka, na utani huo haujawahi kumdhuru mtu. Ni Watiri peke yake aliyesahau kwamba ni utani.

Lakini usiwe na haraka ya kumlaumu. Mwanawe, baba wa kijana, alifariki mtoto akiwa wa miaka mitano. Mkaza mwana wake Wangui, baada ya kulia hadi macho yakakauka, akaenda mji wa Wang'uru kuuza mchele, kwa sababu viazi vya kwetu Kieni havisomeshi mtu mvua ikikataa. Alimwachia Watiri mtoto, na kila mwisho wa mwezi alikuja na mfuko wa mchele, akalala siku mbili, akarudi. Babu naye alipofariki, boma lilibaki na watu wawili. Mtoto wa miaka tisa akapandishwa kwenye kiti cha babu yake. Alipakuliwa kwanza. Akiwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyeulizwa wapande mbegu gani. Akisema leo tuchinje kuku, kuku alichinjwa. Watiri alikuwa mjane aliyepata tena mtu wa kumuuliza, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke anayeamka peke yake kwenye baridi ya huko.

Babu alikuwa ameacha Pijo, pikapu nyeupe iliyobeba kabeji na vitunguu hadi Nyeri miaka thelathini. Aliiendesha polepole mno, majirani wakisema kabeji zake huondoka changa na kufika zimekomaa. Kijana alipata leseni akiwa na miaka kumi na tisa, akaishika Pijo hiyo, na kwa mwaka mzima hakuikwaruza popote. Wangui aliridhika. Alimwambia mama mkwe wake jambo moja tu, na alilisema mara mbili: mtoto aendeshe hiyo hiyo Pijo mpaka akomae.

Kisha kijana akaona gari mjini. Lilikuwa dogo, la buluu, lenye turbo, limeshushwa hadi tumbo likakaribia lami, na fundi mmoja alikuwa ameongeza nguvu ya injini hata yeye mwenyewe akawa haliwashi bila kuomba Mungu. Mwenye gari alikubali kubadilishana na Pijo akiongezewa kitu. Kijana akarudi nyumbani, akakaa kwenye kile kiti, akakataa chakula siku mbili. Siku ya tatu akamwambia nyanya yake, kwa sauti ya mtu mzima, kwamba vijana wa rika lake wanamcheka, na kwamba Pijo itamzeesha kabla ya wakati wake. Watiri aliyasikiliza yote. Angemwambia mjukuu aache upuzi, ale. Lakini mzee wake angemwambia nini? Akauza ng'ombe wawili, Pijo ikaenda, gari la buluu likaja.

Wakashuka Nyeri pamoja kutafuta vipuri kwenye duka la Bipin, Mhindi aliyemuuzia marehemu babu kila kifaa cha Pijo tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, na ambaye Kigikuyu chake kinawashinda wajukuu wetu wengi. Bipin alitoka nje, akalizunguka gari la buluu mara moja, akarudi ndani bila kumtazama kijana.

"Mama, hii gari si ya kijana iko na leseni ya mwaka moja," alisema. "Mimi nauza spea, sitaki kukosa pesa yako. Lakini mwambie angoje. Miaka tano hivi."

"Bipin, ati niambie nani angoje?" Watiri akamjibu. "Huyu ni mzee wangu. Mimi ndiye huambiwa."

Duka zima lilicheka. Bipin naye alicheka kidogo, kwa sababu utani huo aliujua, kisha akafunga vipuri kwenye karatasi. Gari likaandikwa kwa jina la Watiri. Aliweka karatasi zake kwenye kopo la chai, pamoja na leseni ya marehemu.

Wangui alipokuja mwisho wa mwezi aliambiwa kwamba Pijo iko gereji, ng'ombe waliuzwa kwa sababu ya ukame, na gari la buluu ni la mwajiri wa Kim, rafiki wa kijana. Uongo huo aliutunga kijana. Watiri alikuwa jikoni akiusikia wote, na hakutoka. Alijiambia kwamba mke hamchongei mzee wake. Hebu fikiria! Mwanamke wa miaka sabini na nne, aliyelea watoto na kuzika wengine, akafunga mdomo kwa sababu ya cheo alichokipata kwa mzaha.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalomuuma zaidi hadi leo. Masikio ya Watiri yalikuwa yameanza kuziba, na mara nyingi kijana alifika akamkuta hajaweka hata maji motoni. Basi siku moja akaitoa sailensa ya gari, akaweka bomba pana la moshi linalonguruma. Alimwambia amefanya hivyo ili amsikie akiwa bado mbali, aweke chai. Majirani walilalamika kwamba kuku wameacha kutaga. Watiri aliwaambia wanamwonea wivu. Kweli alimsikia. Kila alasiri, ngurumo ilipoanza kupanda kutoka upande wa Mweiga, aliweka sufuria motoni, na maji yalipochemka mlango ulifunguliwa. Hajawahi kupewa zawadi iliyomfurahisha namna hiyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane aliisikia, akaweka sufuria. Ngurumo ilipanda vizuri. Ilipofika penye kona ya mtaro, mahali ambapo siku zote ilipungua, haikupungua. Ilizidi, kisha ikanyamaza. Watiri alidhani ni masikio yake. Akaongeza maziwa, akatia majani, akatoa vikombe viwili. Chai ilifurika ikazima moto kabla Kim hajaingia uani akikimbia, viatu mkononi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miezi minne.

Walimzika karibu na babu yake, majina mawili yanayofanana kwenye misalaba miwili. Wangui alilia akimlaani mwajiri wa Kim asiye na haya ya kumpa mtoto gari kama lile. Kim aliinamisha kichwa. Watiri pia aliinamisha kichwa, na kopo la chai likabaki rafuni na karatasi zake.

Miezi miwili baada ya mazishi, Chifu Wambugu aliita baraza kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na pendekezo la sheria kwamba mtu aliye chini ya miaka ishirini na mitano asiruhusiwe kuendesha gari lenye turbo au lililobadilishwa injini, na watu walitakiwa kutoa maoni. Vijana walisema sheria hiyo ni ya kuwaonea, kwani kuna wazee wanaoua watu wakiendesha magari mabovu. Mmoja alisema yeye analisha familia kwa kubadilisha magari, aende akaibe? Wazee walisema vijana wa leo hawasikii. Palikuwa na ukweli kila upande, na kelele nyingi zaidi ya ukweli. Ndipo Wangui, aliyekuja kutoka Wang'uru kwa ajili ya siku hiyo tu, akasimama, akasema yeye hana habari na sheria. Anachotaka ni mtu mmoja amwonyeshe aliyempa mtoto wake lile gari.

Watiri alijishika kwenye benchi la mbele, akainuka.

"Ni mimi," alisema. "Nilitoa Pijo, nikauza ng'ombe. Gari iko na jina yangu. Muandike hiyo sheria, Chifu, lakini hata hiyo sheria ingekuja kwangu iombe ruhusa, na ningeikataa. Mzee wangu aliniomba, na sikuweza kumkatalia."

Chifu alitazama karatasi zake. Wangui alijitanda leso yake, akatoka nje bila kugeuka.

Watiri alirudi nyumbani polepole, akidhani mkaza mwana ameshapanda gari la kurudi Wang'uru. Alimkuta ameketi jikoni, nguo za mtoto zimekunjwa mapajani. Hawakusalimiana. Watiri alitaka kupiga magoti, lakini magoti yenyewe hayakukubali, basi akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

Ilikuwa kama saa kumi. Upande wa Mweiga, gari fulani lenye bomba kama lile likaanza kupanda. Wako vijana wengine, na mafundi hawajafunga kazi. Wangui alilisikia, akashtuka. Watiri naye alilisikia, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee anachokisikia vizuri, na mkono wake, bila kumuuliza, ukachukua sufuria, ukaitia maji, ukaiweka motoni. Akainuka kuchukua vikombe viwili. Gari likapita barabarani, likaenda zake.

Wangui alimtazama akiwa amesimama pale na vikombe. Aliposema, sauti yake haikuwa na hasira tena, na afadhali ingekuwa nayo.

"Mama, mimi nilikuachia mtoto," alisema. "Si mzee. Nilikuachia mtoto."

Watiri aliweka vikombe chini. Aliitoa sufuria motoni, maji yakiwa bado baridi. Alifungua mdomo amwite kijana mzee wangu, kama alivyozoea kwa miaka ishirini, na jina hilo likamkataa.

"Mtoto wangu," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita kijana hivyo.