Samaki wetu hakuwa mgonjwa

Leo nimeua watoto kwa huruma yangu. Ni wa samaki, lakini roho imeniuma vilevile.

Mnajua lile tangi la mume wangu, Baba Chebet, pale sebuleni. Wale samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika. Dume ni mkali, hata kidole ukiweka anakirukia.

Sasa jike alikuwa amekataa chakula karibu wiki mbili. Mashavu yamevimba, mdomo ameubana kabisa. Nikasema huyu ana jipu, atakufa na mwenyewe yuko kiwandani.

Nikaomba kwanza. Kweli niliomba.

Halafu nikachukua kichungi cha chai, kile kikubwa cha wageni wa ushirika wetu wa maombi, nikamfuata nacho majini nimwangalie mdomo.

Nilipomnasa tu, akatema.

Vitoto! Vidogo, na macho yao, vikaogelea kila upande. Kabla sijaita Yesu, dume amefika. Alivimeza vyote nikiangalia, kichungi mkononi.

Baba Chebet aliporudi nilimweleza. Akaniuliza, "Mama, wewe ukifunga na kuomba, kuna mtu huja kukufungua mdomo?"

Mimi ninayefunga kila mwezi, sikujua kuna mama anafunga ili watoto wakae salama mdomoni mwake.

Wenzangu wa maombi, nyinyi mngejua? Semeni ukweli tu.

Saa hii amejificha nyuma ya jiwe, mdomo wazi. Nimemtupia chakula, hajagusa. Nimekaa hapa sakafuni karibu naye, na safari hii simgusi.