Nyuma ya Jeneza la Martina

Siku ya kumzika mkewe, mzee Anselmi alifika makaburini wa mwisho. Njia ile ya Matombo ni ya kupanda tu, na vidonge vya presha alivyomeza kila asubuhi vilimtia uzito miguuni, kifua hakitaki haraka. Lukasi, mtani wa ukoo, hakumwachia. Akapaza sauti mbele ya wakwe:

"Mtazameni mume huyo! Kapikiwa maisha yake yote, leo kumsindikiza tu anajivuta. Anaogopa tutamfukia naye!"

Watu wakacheka, ndiyo msiba wenye watani. Anselmi naye alitakiwa acheke. Aliinama.

Arobaini ilipokaribia, akaviacha vidonge, kimya kimya. Alitaka abebe msalaba wa kaburi mwenyewe, awatangulie wote. Mwanzoni alijiona mwepesi. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio hata akiwa amekaa. Alidhani ni majonzi.

Siku yenyewe akautwika msalaba begani. Hakuipita hata migomba ya shemeji yake. Kifua kilimbana, moyo ukapiga kama wa kuku aliyekamatwa, akaenda chini pamoja na msalaba wa Martina.

Lukasi ndiye aliyemkimbiza zahanati kwa bodaboda.

"Shikamoo babu," alisema muuguzi Winfrida, akimfunga kipimo mkononi. "Presha imepanda mno. Vidonge unameza?"

Anselmi alitazama ukuta. Lukasi alikuwa palepale mlangoni.

"Babu, ukisema unameza, daktari ataona havikutoshi, atakuongezea," Winfrida alisema.

"Niliacha," akasema. "Vilinichelewesha kwa mke wangu."

Winfrida alimfungua kipimo. "Kazi yake ndiyo hiyo, babu. Vinaushika moyo upige polepole, usisukume damu kwa kishindo. Ndiyo maana mlima unakuchosha. Ukiviacha ghafla, moyo unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Vikikulemea njoo useme, daktari atakupunguzia taratibu."

Walimlaza. Alipotoka, Lukasi alikuwa anamngoja nje. "Mzee mzima…" akaanza, halafu hakuendelea. Anselmi aliona afadhali angetukanwa.

Msalaba ulipopandishwa tena, aliubeba Lukasi. Anselmi alifuata polepole, akipumzika kila penye jiwe. Kila aliposimama, Lukasi naye alisimama, msalaba ungali begani.

"Twende, goigoi wewe! Mkeo anangoja."

Anselmi alishusha kofia usoni, akaanza tena kupanda.