Mesure Nane Nilizoziruka

Mdogo wangu alizaliwa haoni, na kwa miaka mingi macho yake ya muziki yalikuwa mimi. Nilikuwa mpiga kinanda wa parokia yetu, Katuba. Nyumbani nilikaa naye, karatasi ya noti mapajani, nikimsomea: do, mi, sol, mkono wa kushoto fa. Alizishika zote. Watu walipomsifu walinisifu na mimi, na sifa hizo nilizipenda mno.

Kisha shule yao ya wasioona ikampa kifaa kidogo cha kuunganisha na simu. Simu inasoma noti kwa sauti ya mwanamke, kwa Kifaransa, na juu ya kifaa nukta zinainuka, yeye anazipapasa. Akirudia mara mia, yule mwanamke hachoki wala hamwambii angoje kwanza bukari, ugali wetu, iive. Mimi nilikuwa namwambia. Nilimchukia yule mwanamke kama mke mwenza.

Siku moja alikuwa anajifunza wimbo wa matoleo, ule wa kila sikukuu. Vidole vikasimama, akaniita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

"Yaya, mbele ya ubeti ya mwisho kuko mesure nane ya kinanda. Weye haukunisomeaka hata siku moya."

Siku za mwizi arobaini. Zile mesure, vipimo vya mapigo vya kinanda peke yake, zilijaa bemoli, alama za kushusha noti, zilinishinda tangu usichana wangu, nikawa naziruka. Kanisa zima lilizoea njia yangu ya mkato.

"Itakuwa telefone njo inakosa," nikamjibu.

"Hapana, Yaya. Nilisikiaka ile wimbo ku radio. Minayua tangu zamani."

Padri alipomsikia akipiga wimbo mzima, akampa sikukuu ya Pentekoste. Mimi nikarudishwa kuimba sauti ya pili. Wivu ulinishika. Mazoezi ya kwaya niliyaongoza mimi, maana yeye juma zima alikuwa shuleni, na kuhusu zile mesure sikuwaambia wanakwaya neno. Aliniuliza kama wamezishika.

"Bote banayua," nikasema, kana kwamba wote walizijua kweli.

Siku ya sikukuu alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga mimi, na nililisikia hilo kabla ya mtu yeyote. Akafika kwenye zile mesure nane. Hapo hapo kanisa zima, kwa mazoea niliyowapa mimi, likaanza ubeti wa mwisho juu ya kinanda chake. Sauti na kinanda vikagongana.

Nilifurahi. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa pumzi mbili nilifurahi, kisha nikaona anageuza kichwa upande wetu, vidole vikitafuta watu wamefika wapi. Ningeweza kumtajia noti moja tu, kama nilivyomtajia maelfu. Sikumtajia. Akaziacha mesure zake, akaruka palepale nilipozoea kuruka mimi, akawafuata. Waumini hawakugundua kilichoachwa.

Baada ya misa alinishika kiwiko tutoke nje. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Yaya, weye ulisema bote banayua."

Akaachia kiwiko changu, akamwita dada mmoja wa sauti ya kwanza amfikishe nyumbani.