Pawa ya Mjomba Mutiso na Paa la Mama

Wewe uliyekulia Kilungu miaka ile ya sabini, usiniambie umesahau kelele ya pawa. Si hizi za siku hizi. Nasema ile ya kwanza kuja kwetu, ile mashine ya kukata miti ya mjomba wangu Mutiso, ndugu mdogo wa mama. Alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda cha mbao huko mbali, akarudi nayo begani kama mtu amebeba mtoto wa mfalme.

Kabla ya hiyo pawa kuja, mti ulikuwa unapasuliwa na wanaume wawili, mmoja juu, mmoja ndani ya shimo, msumeno unaenda unarudi. Na sisi watoto hapo kando tunapigania unga wa mbao tukacheze nao kalongo, tunaupikia wanasesere wetu wa magunzi. Hiyo kazi ilikuwa pole pole lakini mbao zilikuwa zinatoka. Shika hapo, kwa sababu mimi nikikumbuka ya mjomba nachoka.

Mama alikuwa kwa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kujengeana. Leo wanajenga kwako, kesho kwangu. Sasa zamu ya mama ilikuwa imefika. Wangekuja wote Jumamosi, na sheria yao ilikuwa moja tu: wakifika wakose mbao, zamu inaenda kwa mwingine na wewe unarudi nyuma ya laini. Na sisi hatukuwa watu wa kurudi nyuma. Nyasi ya nyumba yetu ilikuwa imeoza. Mvua ikinyesha tulikuwa tunalala tumekumbatia sufuria, kila mtu na yake. Baba alikuwa kazi Mombasa, anakuja Krismasi. Mabati mama alikuwa ameshanunua, yako chini ya kitanda. Kilichobaki ni mbao, na mkaratusi wa kupasua ulikuwa umelala hapo nje umekauka vizuri.

Mjomba akaja Jumatano. Unafikiri alikata? Alitoa bisibisi. Hiyo pawa ilikuwa na viskrubu viwili pembeni, vya kupimia petroli na hewa, ukivifinya petroli inapungua na sauti inapanda, na yeye akaanza kuvifinya, anazungusha, anavuta kamba, anasikiliza, anazungusha tena. Mashine ikalia nyembamba, kali, kama nguruwe amebanwa na mlango. Mjomba akasimama akaangalia ng'ambo ya bonde akitabasamu.

"Hiyo wamesikia mpaka Kasikeu," akasema.

Akaiweka kwa mti. Ikatoa moshi, ikatoa unga mweupe laini kama wa uji, halafu ikazima. Akaongeza sauti. Ikazima. Hivyo hivyo mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani.

"Mutiso," mama akamwambia, "huu mti utapasuka lini?"

"Dada, ngoja kwanza ipate sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ya biashara. Mtu wa ng'ambo asiposikia, atajuaje niko kazini?"

"Mimi sikukuita kuhubiri. Nilikuita kupasua mbao."

Alhamisi ni yale yale. Mnyororo wa mashine, ile cheni yenye meno, ulikuwa butu kama fizi za nyanya, lakini kunoa hakuna kelele, kwa hivyo mjomba hakuwa na habari nako. Mama alikuwa ameamka mapema akaweka isyo jikoni, mahindi na maharagwe, na ilipoiva harufu ikatutoa mate sote. Mama akafunika chungu, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Hiki kitafunguliwa ubao wa kwanza ukilala hapo chini."

Mjomba akacheka. "Na watoto je?"

"Watamuuliza mjomba wao."

Basi tukamwangalia. Tulimwangalia yeye, tukaangalia chungu, mpaka akaacha kucheka. Akaketi juu ya gogo, akatoa tupa ya mviringo iliyokuwa bado kwa karatasi yake, akaanza kunoa jino moja moja huku amekunja uso. Alipomaliza akarudisha zile skrubu nyuma, kidogo, kidogo, kama mtu anayetoa pesa mfukoni bila kupenda. Sauti ikashuka. Ikawa nzito, kama ndume anayenguruma kwa pua. Sisi tulifikiri imeharibika. Lakini alipoiweka kwa mti haikulia, iliinamisha shingo ikala. Ule unga haukutoka tena. Vilitoka vipande, vinene kama kucha, vinatugonga miguuni, harufu ya mkaratusi imejaa boma. Ubao wa kwanza ulianguka na mama akafungua chungu, akapakua.

Kazi ikaenda vizuri sana, lakini mjomba aliteseka. Watu wa ng'ambo walikuwa wanamwita, "Wee Mutiso, pawa imeshikwa na homa?" na yeye hawezi kuongeza sauti, kwa sababu mama yuko hapo na chungu.

Ijumaa jioni ubao wa mwisho ukatoka. Mama akahesabu, zikatosha, akajitwisha mbao kichwani kuzipanga kando ya nyumba. Sasa si ungeenda kunawa, Mutiso? Hapana. Akashika bisibisi, akafinya zile skrubu mpaka mwisho, akainua mashine kuelekea bonde, bila hata kijiti cha kukata, akaivuta. Iliimba kweli. Mama mmoja wa ng'ambo akampigia vigelegele. Halafu tukasikia kak, na kimya. Alivuta kamba, ikawa kama imefungwa kwa jiwe. Pawa ilikuwa imeungua ndani kwa kunyimwa petroli, imekufa, na haikuamka tena.

Mama na mbao zake kichwani hakugeuza hata shingo.

"Sasa umesikika," akasema.

Jumamosi mwethya wakaja wakiimba, na usiku huo tulilala bila sufuria.

Na hawa wajukuu wangu nao ni Mutiso wote. Mmoja alipanda miche ya maembe, kabla ya kuinyunyizia maji ashatuma picha kwa simu. Miche ikakauka, na watu bado wanampongeza. Siku hizi mtu akitaka nyumba haiti mwethya, anaita fundi, analipa, anafunga geti. Jirani anaona tu paa limetokea. Nikikaa hapa nje nasikia pawa kila upande wa mlima, zinalia nyembamba asubuhi mpaka jioni, na ni miaka mingi sijaitwa kwenda kumwezekea mtu nyumba.