Chemchemi ya Mke Mkubwa

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya gambuti. Injinia wa ofisi ya maji alikuwa na jozi moja iliyobaki kwenye buti la gari. Akanitazama miguu, akasema, "Wewe utaenda Ekerenyo." Basi, ikawa hivyo. Wenzangu niliosoma nao cheti walibaki Kisii mjini kuzibua mitaro ya maji taka, mimi nikapanda boda nimekumbatia mfuko wa simiti kama mtoto mchanga, na njia nzima nilikuwa nikijenga mabwawa kichwani. Nyumbani kwetu, karibu na Ogembo, mama alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba mwanawe ni injinia wa maji. Sikumsahihisha. Nilidhani cheo kingenikuta hukohuko mbele.

Mradi wenyewe ulikuwa kukinga chemchemi. Unafukua mpaka pale maji yanapotokea, jicho lenyewe, unaweka kokoto safi, unajenga ukuta mbele yake, unapitisha paipu kwenye ukuta, kisha unafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi ili mavi ya ng'ombe yasiingie. Watu wanakinga maji kwenye paipu badala ya kuyachota kwenye dimbwi pamoja na vyura.

Chemchemi ilikuwa kwenye shamba la bibi mmoja mjane, chini ya majani yake ya chai. Majirani wote walimwita magokoro, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita tata, baba, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana wanayempenda. Siku ya kwanza alinipa uji kabla sijajieleza. Alikuwa na mgongo mbovu. Akiinama kuteka maji alitoa sauti ndogo puani, halafu anacheka ili usimwonee huruma.

Siku hiyohiyo nilimwona mwanamke mwingine. Alisimama kando na mtungi wake, mbali na foleni. Nikamwambia, "Mama, sogea, nafasi ipo."

Magokoro akanigusa mkono. "Huyo mwache. Huyo huteka mwisho."

Alikuwa mke mwenza, mke mdogo wa marehemu. Shamba lake lilianza pale chini, ng'ambo ya mstari wa migomba uliokuwa mpaka wao, na halikuwa na maji. Tangu mume azikwe hawakusalimiana, na kila siku alisubiri watu wote wateke, hata watoto wa shule, ndipo ateke yeye maji yaliyokwisha kuvurugwa. Watu waliona jambo hilo kawaida kabisa. Mimi nilinywa uji wangu.

Ukuta ulipofika magotini, magokoro alikuja kutazama. Akapima kwa mkono pale paipu itakapokaa, chini karibu na ardhi.

"Tata, hapa si bado nitainama?"

"Utainama kidogo tu, magokoro."

"Hiyo kidogo ndiyo inayoniua. Ipandishe. Mtungi ukae juu ya jiwe, ujae, nigeuke tu niubebe mgongoni. Nisimwombe mtu anitwike."

Wanawake wakashangilia. Nikampigia injinia simu. Kelele za mjini zilikuwa nyingi upande wake. "Pandisha, pandisha," akasema. "Mheshimiwa anakuja wiki hii kupiga picha. Fanya ipendeze."

Nikapandisha ukuta mpaka paipu ikafika kiunoni kwa mtu mzima. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile. Maji yaliposimama nyuma ya ukuta, yakapanda polepole mpaka yakatoka kwenye paipu, magokoro alikinga kiganja, akanywa, akanipaka yaliyobaki kwenye paji la uso. Mchungaji akaomba. Mheshimiwa akapigwa picha akishika kikombe asichokinywea. Mke mdogo aliteka mwisho.

Wiki chache baadaye maji yalianza kuwa membamba, yakawa kama uzi. Halafu yakawa matone. Halafu asubuhi moja magokoro aliweka mtungi chini ya paipu, na paipu ikamkoholea hewa.

Tulisikia kicheko kutoka chini. Mke mdogo alikuwa amesimama katikati ya migomba yake, maji yakimpita kati ya vidole vya miguu, safi, mengi, yakibubujika kwenye udongo ambao mimi mwenyewe niliukanyaga mkavu.

"Dada mkubwa!" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa magokoro baada ya miaka. "Maji yako yamechoka kukaa kwako. Yamekuja kunitembelea."

Nilikwenda mbio Nyamira, nikamkuta injinia kwenye kibanda cha chai. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivunja mandazi.

"Chemchemi haipendi kusukumwa juu," akasema. "Ukiyazuia maji yakapanda kuliko jicho lake, yanatafuta mlango mwingine huko chini."

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Sasa mbona ulisema nipandishe?"

"Wewe ungeweza kumwambia yule mama hapana, mbele ya wanawake wote wale? Mimi ningeweza kumwambia mheshimiwa picha hakuna?" Akanisukumia kikombe. "Kunywa chai, kijana. Mradi ulishakabidhiwa. Picha ziko."

Sikunywa. Nilimwomba tuubomoe ule ukuta, tuyashushe maji yarudi kwenye jicho lake la zamani. Akasema nikitaka niubomoe mwenyewe, siku yangu ya kupumzika, kwa mikono yangu, ila simiti yake nisiiguse.

Jumapili nikaenda na nyundo na tindo. Magokoro aliketi kwenye jiwe, jiwe lile lililokuwa la kuwekea mtungi, akitazama kila kipande kinachoanguka. Nilivunja mpaka chini kabisa. Nikazoa kokoto kwa mikono. Nikalifikia jicho. Palikuwa na unyevu tu, udongo wa kufinyanga chungu.

"Subiri kidogo," magokoro akasema. "Yatasikia njia iko wazi, yatarudi."

Tukasubiri. Mke mdogo alikuwa ametoka kanisani na nguo zake nzuri. Akasimama mpakani kututazama.

"Chimbeni," akasema. "Chimbeni tu, msichoke. Mkifika mbali mtamkuta mume wetu, mumsalimie."

Watu waliokuwa chini wakiteka walicheka, na ni walewale waliomshangilia magokoro siku ya paipu. Magokoro naye alitabasamu kidogo, maana mzaha ulikuwa mzuri, halafu uso ukamwanguka. Jua lilipopinda akainuka. "Funika, tata," akaniambia. "Mtoto wa mtu asije akatumbukia."

Baada ya hapo alianza kuteka kwa mke mdogo, na aliteka mwisho. Yeye ni Msabato, siku ya Ijumaa lazima ajaze vyombo kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato hateki maji. Mke mdogo alilijua hilo vizuri. Ijumaa mchana alifunga njia kwa miiba, akaenda sokoni, akarudi jua limeshazama. Nilipomwambia mama huyo kwamba si vizuri, alinijibu bila hasira, "Wewe ulikuwa wapi miaka ile mimi nikinywa matope? Ulikuwa unanyonya. Nyamaza."

Mwaka uliofuata ofisi ilinituma tena. Gambuti zilezile, mteremko uleule. Kukinga chemchemi mpya, shambani kwa mke mdogo. Injinia hakucheka aliponiambia, na afadhali angecheka.

Nilikuta foleni. Magokoro alikuwa mwisho wake, ameegemea mtungi. Nilipopima mahali pa paipu, chini, usawa wa jicho, mke mdogo alikuja juu.

"Mbona yangu unaiweka chini kama ya mbwa? Ya kwake uliipandisha kiunoni."

"Mama, ya kwake ilikauka."

"Ya kwake ilikauka kwa sababu ya roho yake. Mimi ipandishe."

Wanawake wengine wakamuunga mkono: juu, juu, migongo inauma. Nikatazama foleni mpaka mwisho. Sikutaka kumtazama, lakini nilimtazama.

"Weka chini, tata," magokoro akasema kwa sauti iliyofika mbele. "Chini kabisa. Nitainama."

Mke mdogo alimtazama, kisha akanigeukia. "Haya, iweke chini," akasema. "Na ule uchafu wa ukuta wa juu uje uwe kokoto zangu."

Nikaubeba ukuta wangu wa kwanza vipande vipande, nikaupitisha kwenye mstari wa migomba, nikaujaza nyuma ya ukuta wangu wa pili. Paipu ilikaa chini hata ikabidi tuchimbe shimo la kuingiza mtungi. Maji yalitoka siku hiyohiyo. Wote waliteka. Zamu ya magokoro ilipofika, alishika goti kwa mkono mmoja, akashuka, akatoa ile sauti ndogo puani. Safari hii hakucheka baada yake.

"Inama vizuri, dada mkubwa," mke mdogo akasema. "Hayaishi."