Kinu cha Marlene

Kila mchana, akishaswali na kula, Bi Somoe hujilaza kwenye mkeka barazani kwake, Likombe, na kabla usingizi haujamchukua sawasawa nyumba za watu huanza kumjia. Zinakuja moja moja, milango wazi, na yeye anapita ndani bila kupiga hodi. Anaona chini ya vitanda vya majirani. Anaona sanduku la harusi limefumuliwa, na nguo za ndani za mke wa mwalimu zimetandazwa juu ya meza ya chakula. Upepo unaleta harufu ya maua ya mikorosho, mapazia yanapanda na kushuka, na yeye anazidi kwenda chumba hadi chumba, anatafuta kitu ambacho akizinduka hakikumbuki tena.

Si uchawi, msianze maneno yenu. Bi Somoe ni mjumbe wa nyumba kumi, mwaka wa kumi na moja huu. Polisi wakitaka kupekua nyumba ya mtu hutafuta shahidi asiye polisi, aone kila kinachoguswa na kila kinachopatikana, kisha aweke saini. Upande ule wa Likombe shahidi ni yeye. Ndiyo maana anazijua nyumba za watu kwa ndani kuliko anavyotaka mwenyewe. Na saini yake si ya kuchora kinyoka kama ya mabwana wakubwa. Anaandika jina lote, Somoe Issa Chilumba, pole pole, baada ya kusoma karatasi neno kwa neno huku askari wanajifuta jasho.

"Mama, tunachelewa," Afande Gaudensi humwambia.

"Chelewa tu, mwanangu. Mimi sisaini nisichokiona."

Upekuzi wa kwanza wa unga, ule wa kulevya, ulikuwa kwa Sudi, mwenye duka la vocha. Zamani zile ukiuliza unga unauzwa wapi, hata mtoto wa chekechea angekuonyesha: kwa Sudi. Wakamkamata, Bi Somoe akasaini, na siku ile alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa na sababu yake. Mdogo wake wa mwisho, Hassani, ambaye mama yao alipokufa yeye ndiye aliyembeba mgongoni, alikuwa ameshaingia kwenye unga. Hassani fundi seremala! Mtu wa miaka thelathini na nane, mwenye mikono iliyochonga milango ya nusu ya mtaa. Sasa unamkuta kibandani kwake amesimama na randa mkononi, macho nusu, kichwa kinashuka taratibu mpaka karibu na ubao, kisha kinapanda tena. Anabembea. Maranda yamemjaa miguuni, na yeye yuko mbali huko, anamchekea mtu asiyeonekana. Bi Somoe alimpenda kuliko wanawe wa kuwazaa, na ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja: vitu hivi vikauke, ndugu yangu apone.

Basi baada ya Sudi, vikauke wapi? Wiki haikuisha, unga ukawa unauzwa kwenye pagale nyuma ya msikiti. Polisi wakaja, Bi Somoe akasaini. Ukahamia kwenye mikorosho ya njia ya Ziwani. Wakaja, akasaini. Kila waliposhika pahala pamoja, pakaota patatu, na kete ikapanda bei. Ilipopanda bei, sufuria za watu zikaanza kutembea. Sufuria, kanga kambani, bomba la kupulizia mikorosho salfa, mpaka mlango wa choo cha mwalimu, jamani, mlango uliochongwa na Hassani mwenyewe, nao ukaenda. Watu wakasema mzigo sasa unapitia mtoni, wengine wakasema unashuka na basi mchana kweupe. Vijana wauzaji nao hawakuthubutu tena kukaa na mali, maana polisi waliwajua wote kwa majina. Wakaanza kutafuta nyumba za kufichia, ambazo hakuna askari ambaye angezifikiria.

Siku ya upekuzi wa sita Afande Gaudensi alikuja saa nne asubuhi, akakwepa kumtazama machoni.

"Leo kwa nani?" akauliza Bi Somoe.

"Kwa Mama Marlene."

"Marlene gani?"

Alijua Marlene gani. Kulikuwa na mmoja tu, nyumba ya tatu kutoka kwake, mjane, kwao Kitaya, wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, yeye akiwa bado ananyonya. Shoga yake wa miaka ishirini na sita. Walitwanga pamoja, wakazika pamoja, na mwezi wa Ramadhani Marlene, Mkristo wa kubatizwa, hakuwa anapika mchana ili Bi Somoe asisikie harufu ya mchuzi. Njiani Bi Somoe alicheka kwa sauti. "Mmepotea, afande. Kwa Marlene mtakuta rozari na panya."

Na kweli wakakuta rozari. Wakageuza godoro, wakamwaga mchele, wakapanda darini chini ya mabati mapya, yaliyoezekwa juzi juzi tu. Marlene alikaa kwenye kigoda mikono mapajani, ametulia kupita kiasi. Jua lilipenya kwenye tundu za ukuta, vumbi likaelea ndani ya mwanga, na Bi Somoe akahisi yuko barazani kwake, amelala, anaota moja ya zile nyumba zake. Hata pazia lilipanda na kushuka vilevile. Akageuza macho polepole, na hapo kwenye pembe ya chumba cha kulala akakiona kinu.

Kinu kile alikichonga Hassani, zamani, mikono ikiwa bado yake, akampa Marlene siku mumewe alipomaliza arobaini. Miaka yote kilikaa mlangoni pa jiko. Sasa kilikuwa kando ya kitanda, kimejaa makopa mpaka mdomoni, mihogo mikavu imepangwa vizuri kabisa. Askari walikwishakipita mara tatu. Wangejuaje? Lakini mwanamke gani anahifadhi makopa kwenye kinu? Makopa hukaa kwenye kiroba, juu, mbali na unyevu. Kinu ni cha kutwangia.

Bi Somoe akamtazama Marlene. Marlene alikuwa anamtazama yeye.

"Basi hamna kitu," Afande Gaudensi akasema, akatoa karatasi. "Mama, soma usaini."

Akaipokea karatasi. Akasoma kwamba hakikupatikana kitu chochote. Angeweza kuandika jina lake, na lisingekuwa uongo, maana hakuona ila makopa. Lakini ndani ya kichwa chake alikuwa anamwona Hassani, kichwa kinashuka, kinapanda. Akajiambia huu ndio mzizi wenyewe. Huu ukitoka, vitu vimekauka, ndugu yangu anarudi.

"Afande," akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeongea usingizini, "kimwage na hicho kinu."

Marlene hakupiga kelele. Alisema tu, "Ee, mwenzangu," akainama akavaa ndala zake.

Wakamchukua yeye na mfuko wa unga uliokuwa chini ya makopa. Wakakichukua na kinu, kielelezo cha mahakamani, askari wawili wakikibeba huku na huku kama jeneza dogo.

Na vikakauka! Wallahi, siku nne mtaa mzima haukuwa na kitu. Hassani akashikwa na arosto, akatapika, akatetemeka, akamwomba dada yake amwue. Bi Somoe alimnywesha uji kwa kijiko na kumkanda miguu. Siku ya tano Hassani akaoga. Akaomba chai na mihogo ya kuchemsha, akala, akachukua nyundo akatengeneza kigoda cha jikoni kilicholegea tangu mwaka juzi. Bi Somoe alilia kwa furaha nyuma ya nyumba ili asimwaibishe.

Siku ya saba akamkuta kibandani, amesimama, randa mkononi. Kichwa kinashuka.

"Umepata wapi? Hassani! Nani anauza?"

Akamjibu kwa upole sana, macho hayakufunguka. "Kwani hujui, dada? Kwa Zawadi, hapo."

Zawadi wa maandazi, mwenye mtoto wa miezi mitano. Nyumba inayopakana na ya Bi Somoe mwenyewe.

Alikaa wiki tatu bila kujilaza barazani. Kisha akapika ugali wa muhogo na samaki wa nazi, akafunga kwenye kitambaa, akaenda gerezani kumtazama Marlene, ambaye kesi yake haikuwa na dhamana. Walikalishwa pande mbili za dirisha la nondo. Marlene alikuwa amekonda, nywele zimekatwa.

"Nilikuona ulivyokitazama kinu," Marlene akasema. "Nikajua utasema. Wiki nzima nimekutukana, mwenzangu, kwa Kimakonde na Kireno, mpaka wenzangu humu wakajifunza." Akacheka kidogo. "Halafu nikafikiri. Yule umembeba mgongoni. Mimi ningefanya vilevile. Sasa niambie kitu kimoja tu. Amepona?"

Bi Somoe, asiyesaini asichokiona, alishika nondo.

"Amepona," akasema.

Marlene akafumba macho, uso umemlainika. "Basi sikukaa humu bure. Anafanya kazi?"

"Anafanya. Anakuchongea kinu kingine."

Askari wa kike akagonga meza, muda umekwisha. Marlene akainuka, akageuka mlangoni.

"Mwambie asikifanye kizito," akasema. "Mikono yangu sasa haina nguvu."

"Nitamwambia," Bi Somoe akasema.